Soda Mezani, Parachichi kwa Nguruwe

Ndugu msomaji, nitaanza kwa kusema ninachokitetea, ili usije ukanihukumu kabla ya kunisikiliza. Nadai kwamba nyumba yoyote ya Kitanzania yenye kinu, kisu safi na maji yaliyochemshwa inaweza kutengeneza kinywaji cha matunda na mboga kilicho bora kuliko chochote kiuzwacho dukani katika chupa au boksi. Nadai tena kwamba kwa wengi wetu kinachotuzuia si umaskini, bali ni mazoea na majivuno. Na mwisho nadai kwamba wako watu wa aina mbili wanaotupotosha katika jambo hili: wanaotuuzia maji ya sukari kwa jina la maendeleo, na wanaotuuzia juisi kwa jina la dawa. Nitawajibu wote, kila mmoja kwa zamu yake.

Naishi Chapwa, hapa Tunduma. Asiyepafahamu ajue kwamba hii ndiyo njia ya kwenda Zambia. Malori husimama kusubiri zamu ya kuvuka mpaka, na palipo na dereva anayesubiri hapakosi kijana mwenye ndoo ya soda, juisi za boksi na vile vinywaji viitwavyo vya kuongeza nguvu. Sina ugomvi na kijana huyo, anatafuta riziki. Lakini piga hatua chache nyuma ya kibanda chake, uingie uani kwa watu. Utakuta mparachichi, mpapai, migomba miwili mitatu, na mpera ulioota wenyewe bila kupandwa na mtu. Msimu unapofika, maparachichi huanguka usiku kucha kama mawe. Asubuhi hukusanywa na kutiwa katika ndoo ya nguruwe. Saa nne, mtoto wa nyumba ile ile hutumwa dukani na noti mkononi, akanunue juisi ya boksi yenye picha ya tunda. Picha hiyo ndiyo iliyomvutia. Tunda lenyewe amelikanyaga akipita.

Mtu akiniambia jambo hili ni dogo, nitamwomba atazame watoto wetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko inavyopasa umri wao kwa sababu hawakulishwa wala kulindwa vema tangu mimba. Hao si watoto wa jangwani. Mkoa uliokuwa na hali mbaya kuliko yote ni Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamedumaa, na Njombe na Rukwa ilikuwa karibu nusu. Tazama ramani, ndugu msomaji. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha taifa kwa mahindi, na Rukwa ni jirani yetu wa mlango kwa mlango. Ghala limejaa na mtoto amedumaa! Madaktari wanatwambia sababu ni nyingi: maradhi ya kuhara, mama kuchoshwa na kazi, uhaba wa mayai, maziwa, samaki na maharage katika sahani ya mtoto. Lakini imo pia sababu hii, kwamba tumbo hujazwa ugali au uji mtupu kutwa kucha, na matunda na mboga huhesabiwa kuwa si chakula. Sisemi kwamba kikombe cha matunda kitaondoa udumavu peke yake. Nasema kwamba nyumba inayotupa matunda na kununua soda haijaanza hata kulifikiria tatizo.

Wala hatuwezi kusema hatukuambiwa. Mimi nilisomea ualimu katika miaka ya mwanzo ya 1970. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata ile ya Chakula ni Uhai. Watu wazima walikaa katika vikundi chini ya miti, wakasikiliza Redio Tanzania, wakasomewa vitabu vidogo, kisha wakakubaliana la kufanya. Mwaka huo huo wa 1973 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Sisi walimu vijana tuliambiwa kila shule iwe na bustani, nasi tukachimba matuta pamoja na wanafunzi. Somo lile lilikuwa wazi: chakula cha kujenga mwili, chakula cha kutia nguvu, chakula cha kulinda mwili. Kila mtoto wa darasa la nne alilikariri. Leo wajukuu wa watoto wale wanaijua bei ya kila soda, ila ukiwauliza faida ya pera wanatazamana.

Basi niwajibu kwanza wale wa maendeleo.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria kikao cha wazazi wa shule moja katika mkoa wetu, kupanga mahafali ya darasa la saba. Katika makisio ya matumizi kulikuwa na makreti ya soda. Nikaomba kusema. Nikapendekeza fedha zile zinunue mapapai, ndizi mbivu, karoti na machungwa, na akina mama waliojitolea kupika watengeneze sharubati asubuhi ile ile. Akasimama mzazi mmoja, kijana niliyepata kumfundisha, akasema kwa adabu zote:

"Shikamoo Mwalimu. Sisi tunakuheshimu sana. Lakini shule ya jirani watoto wao walikunywa soda. Wa kwetu wakipewa maji ya papai, tutaonekana watu wa namna gani?"

"Marahaba mwanangu," nikamjibu. "Nani aliyekufundisha kwamba papai ni aibu?"

Hakujibu, maana jibu hakuwa nalo. Ila makofi yalikuwa yake. Kura zikapigwa, soda ikashinda, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuheshimu uamuzi wa kikao, nilichanga fungu langu. Lakini hesabu yangu sikupewa nafasi ya kuieleza siku ile, kwa hiyo nitaieleza hapa.

Soda ya kawaida yenye sukari huwa na gramu kama 10 na nusu za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi ina gramu zipatazo 37, yaani vijiko vya chai 9 hivi. Kreti moja yenye chupa 24 ina gramu kama 880. Hiyo ni karibu kilo nzima ya sukari, ndugu msomaji, imeyeyushwa katika maji na kutiwa rangi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya namna hiyo isizidi sehemu 10 katika 100 za nguvu anayoipata mtu kwa siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya sehemu 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, hizo sehemu 5 ni gramu 25. Kwa hiyo mtoto wa miaka 13 akimaliza chupa moja ya mahafali, amekwisha kukipita kiwango kilicho bora kwa mtu mzima siku nzima, kabla hajaonja chai ya jioni. Hapo mwilini mwake hakuingia vitamini hata chembe. Hayo ndiyo maendeleo tuliyoyapigia makofi.

Na tujiulize maendeleo haya yalitoka wapi. Kinywaji mashuhuri kuliko vyote vya jamii hiyo kilianza mwaka 1886 katika mji wa Atlanta, Marekani, kikibuniwa na mtengeneza dawa aitwaye John Pemberton. Kiliuzwa kama dawa ya kuchangamsha mwili na kutuliza kichwa. Kutoka dawa kikawa starehe, kutoka starehe kikawa heshima, na sasa mgeni akikosa kukiona mezani anadhani amedharauliwa. Lakini wenzetu waliotangulia kukinywa wamekwisha kushtuka. Meksiko iliweka kodi maalumu juu ya vinywaji vya sukari mwaka 2014. Uingereza ikafanya hivyo mwaka 2018, na Afrika Kusini mwaka huo huo. Wao wanatafuta njia ya kutoka, sisi tunagombania mlango wa kuingilia.

Juisi ya boksi nayo isijifiche nyuma ya picha yake. Soma maandishi madogo ubavuni. Mara nyingi utakuta maji yametajwa kwanza, sukari ya pili, na tunda likifuata kwa mbali, pamoja na rangi na harufu. Hata ile iliyo tunda tupu imekwisha kuchujwa na kupashwa moto ili idumu miezi rafuni. Historia ina somo juu ya jambo hili. Mwaka 1747 daktari wa meli za Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 waliougua ugonjwa wa kuvimba fizi na kutoka damu, akawagawa wawili wawili na kuwapa tiba mbalimbali. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Lakini daktari huyo huyo alipotafuta njia ya kuyahifadhi maji ya matunda kwa safari ndefu, alishauri yapashwe moto mpaka yapungue na kuwa mazito. Nguvu ya tunda ikapotea katika moto ule, maana vitamini C haistahimili joto wala hewa kwa muda mrefu. Jeshi la majini la Uingereza halikuanza kugawa maji ya limau kwa mabaharia wake kwa utaratibu maalumu mpaka mwaka 1795. Karibu miaka 50 ilipita, na watu wakiendelea kufa kwa kukosa kitu kinachoning'inia mtini.

Pwani yetu wenyewe inaifahamu habari hiyo. Vasco da Gama alipofika Mombasa mwezi Aprili 1498, miongoni mwa zawadi zilizopelekwa melini na mfalme wa mji yalikuwamo machungwa na malimau. Na aliporudi kutoka Bara Hindi na kutia nanga Malindi Januari 1499, mabaharia wengi walikuwa wamekwisha kufa kwa ugonjwa huo wa fizi, na wagonjwa waliobaki waliililia michungwa ya Malindi kama watoto. Wageni walivuka bahari wakayathamini matunda yetu kuliko dhahabu kwa siku zile. Hata sasa wanayathamini. Mwezi Novemba 2022 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kuuza maparachichi yetu huko. Nafurahi mkulima wa Rungwe, Njombe na Mbozi akipata fedha. Ninachouliza ni hiki: kama parachichi linafaa kupakiwa katika kontena lenye ubaridi na kusafirishwa hadi China, kwa nini halifai kutiwa katika kikombe cha mtoto wa Chapwa?

Nimewamaliza wa kwanza. Sasa nije kwa wa pili, ambao nawaogopa zaidi, kwa sababu wanasema lugha inayofanana na yangu.

Hao ni wauza juisi za tiba. Wanakaa sokoni na stendi, wana vipaza sauti, na siku hizi wamo hata katika simu za mkononi. Wanakwambia juisi ya kiazi chekundu inasafisha damu, ya tango inasafisha figo, ya limau inayeyusha mafuta tumboni, na mchanganyiko wao wa siri unaponya kisukari na shinikizo la damu. Mzee mwenzangu mmoja, dereva wa malori mstaafu, aliambiwa hivyo. Alikuwa na kisukari, naye alikuwa akimeza vidonge vyake sawasawa kwa miaka. Muuzaji akamwambia aviache vidonge, anywe lita moja ya juisi kila asubuhi kwa siku 40. Juisi yenyewe ilikuwa ya matunda matamu, imechujwa ikang'aa kama chai. Aliinywa. Kabla siku 40 hazijatimia, kidonda cha mguuni kilikuwa kimeoza, na alirudi kutoka hospitali akiwa na mguu mmoja. Muuzaji alikwisha kuhamia mji mwingine.

Kwa hiyo nalisema jambo hili kwa herufi kubwa kwa kadiri kalamu yangu inavyoweza: sharubati ni chakula, si dawa. Damu husafishwa na ini na figo ulizozaliwa nazo, si na mchanganyiko wa mtu. Mwenye kisukari asiache vidonge, na kwake tunda zima la kutafuna, kwa kiasi, ni salama kuliko tunda lililokamuliwa. Mwenye kutumia dawa za moyo au za shinikizo amwulize daktari kabla ya kunywa maji ya balungi, kwa kuwa tunda hilo huzifanya baadhi ya dawa zizidi nguvu mwilini. Wala mtoto mchanga asipewe sharubati ya aina yoyote. Miezi 6 ya mwanzo ni ya maziwa ya mama peke yake, na baada ya hapo apondewe tunda na kulishwa kwa kijiko. Madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 2017 kwamba asinywe juisi kabla ya kutimiza mwaka.

Tena nitawapa wapinzani wangu silaha kabla hawajaitafuta. Mwaka 2013 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliowafuatilia kwa miaka mingi wahudumu wa afya zaidi ya 180,000 wa Marekani. Waliokula matunda mazima kwa wingi, hasa zabibu na matufaa, waliugua kisukari kwa uchache. Waliokunywa juisi nyingi waliugua zaidi kidogo. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo ule wa 2015, liliiweka sukari ya juisi katika fungu moja na ya soda na asali. Na huduma ya afya ya Uingereza hushauri kwamba juisi na matunda yaliyosagwa, kwa pamoja, yasizidi mililita 150 kwa siku. Hicho ni kikombe kimoja kidogo.

"Ndiyo hivyo, Mwalimu," utaniambia. "Umejifunga mwenyewe. Kama tunda zima ndilo bora, kwa nini unatusumbua na vinu?"

Nina majibu matatu. La kwanza, si kila mtu ana meno. Watoto wadogo na wazee wenzangu tunajua tofauti ya karoti iliyopondwa na karoti ya kutafuna. La pili, sharubati nzito inabeba mboga ambazo mtoto hazigusi zikiwa sahanini. Mwambie mjukuu wako ale mchicha, atakukimbia. Utie mchicha kiganja kimoja pamoja na ndizi mbivu na papai, atakuomba uongeze. La tatu, na ndilo kubwa, sisi ni watu wa kikombe. Mgeni akiingia hupewa cha kunywa. Desturi hiyo haitaondoka, wala sitaki iondoke. Swali ni kitu gani kitiwe katika kikombe hicho. Kama hatuweki chetu, dukani wamekwisha kuweka chao.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Togwa ni nini kama si kinywaji kizito cha nyumbani? Uji ulipikwa, ukatiwa kimea cha ulezi, kimea kikaulainisha na kuutia utamu wake bila punje ya sukari. Upande wa pili wa mpaka, Zambia, wana munkoyo, ambao hulainishwa kwa mizizi badala ya kimea. Watu hao hawakuwa na umeme wala kiwanda. Walikuwa na subira na kinu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ilipoadimika nchini na bei yake kupanda, nilisikia watu wakilalamika kwamba watoto watakunywa nini. Nikastaajabu. Msimu ule ulikuwa wa maembe!

Kosa letu la nyumbani nalo ni lazima nilitaje, maana wengi hudhani wanatengeneza sharubati kumbe wanatengeneza soda isiyo na gesi. Hukamua tunda, wakalichuja kwa kitambaa, nyama yake wakawatupia kuku, kisha wakatia vikombe vya sukari mpaka kijiko kisimame. Kuku ndio waliofaidi. Nyama ile waliyoitupa ndiyo yenye nyuzinyuzi zinazozuia sukari isiingie katika damu kwa kasi, na ndizo zinazorahisisha choo. Usichuje, na usitie sukari. Ukitaka utamu, subiri tunda liive.

Sasa nieleze namna tunavyofanya kwetu, kwa utaratibu wa darasani.

Kwanza, usafi. Chemsha maji, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Mikono ioshwe kwa sabuni, na matunda yaoshwe kwa maji safi kabla ya kumenywa, hata yale ambayo ganda lake hutupwa, kwa kuwa kisu hubeba uchafu wa ganda na kuuingiza ndani. Sisi wa mpakani hatuna ruhusa ya kulipuuza jambo hili. Kipindupindu kilichoanza Zambia Oktoba 2023 kiliua mamia ya watu, na ugonjwa hauonyeshi pasipoti.

Pili, vitu. Chukua kipande cha papai cha ukubwa wa kiganja, ndizi mbivu moja, nusu ya parachichi, karoti moja ndogo, mchicha mchanga wa kujaa ngumi moja, na chungwa moja au pera moja. Pera usilidharau kwa sababu linaokotwa na watoto njiani. Kwa uzito ule ule lina vitamini C kiasi cha mara 4 ya chungwa.

Tatu, kazi. Mchicha uumwagie maji yanayochemka, uache dakika moja, kisha uchuje. Hapo umeua vijidudu na kuulainisha. Karoti ikwaruze kwa kibati chenye matundu, kisha uiponde pamoja na mchicha katika kinu kidogo kisichotumika kwa pilipili wala kwa kisamvu. Na kisamvu kibichi kisiingie kamwe katika kinywaji, kwa kuwa kina sumu inayotoka kwa kupondwa na kupikwa vizuri. Ongeza ndizi na papai, ponda hadi vilainike. Parachichi litie mwisho. Kamulia chungwa, mimina bilauri moja na nusu ya maji, ukoroge kwa nguvu. Mwenye mashine ya kusagia atumie mashine. Asiye nayo ajue kwamba kinu hakihitaji umeme na hakikatiki. Utapata vikombe vidogo vitano. Vinywewe papo hapo, ndani ya saa moja.

Nne, sababu. Rangi ya njano ya karoti na papai hugeuka vitamini A mwilini, nayo huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Mafuta hayo yamo katika parachichi. Chungwa au pera husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika mchicha, na madini hayo ndiyo yanayojenga damu. Chai ikinywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake, huyazuia. Kwa hiyo yule mama mjamzito anayeambiwa kliniki kwamba damu yake ni pungufu, naye akarudi nyumbani kula ugali kwa mchicha akishushia na chai, aweke chai kando kwa saa moja au mbili, ale tunda. Jambo hilo halimgharimu chochote, ila vidonge alivyopewa kliniki aendelee navyo.

Najua atasimama mtu aseme matunda ni ghali mjini. Ni kweli kwamba asiye na kiwanja hununua. Lakini mtu huyo huyo hununua soda, na fedha ya soda mbili sokoni kwetu hununua matunda ya msimu yanayotosha nyumba. Ndiyo maana nimesema tangu mwanzo kwamba hili ni suala la majivuno. Hatuoni haya kununua kilicho duni, ila twaona haya kuonekana tukila kilicho bora kwa sababu kimeota nyuma ya nyumba.

Naomba mambo matatu. Kila nyumba yenye kiwanja ipande mpapai mmoja na mparachichi mmoja. Mpapai utazaa kabla mwaka wa pili haujaisha, na mparachichi watakula wajukuu. Kila shule irudishe bustani, si kwa ajili ya adhabu ya wachelewaji kama ilivyokuwa kwa baadhi yetu, bali kwa ajili ya kikombe cha saa nne. Na kila mwenye sherehe, iwe harusi, ubatizo, maulidi au mahafali, aweke mezani kinywaji kimoja cha matunda kilichotengenezwa nyumbani kwake, akiwatangazia wageni bila kuona haya kwamba ni chake.

Kikao cha mahafali kitaitishwa tena mwaka huu. Nitakwenda, na hesabu ya kreti nimekwisha kuinakili kwa herufi kubwa juu ya karatasi ya kubandika ukutani. Wakipiga kura na soda ikashinda tena, nitachanga fungu langu kama kawaida. Lakini safari hii watapiga kura wakiwa wameisoma.